Kabla Hujanunua Dawa ya Kupunguza Mwili

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: nitumie nini nipungue haraka? Analiuliza dada ambaye gauni la sare halifungi na harusi ni mwezi ujao. Analiuliza mama aliyetoka kliniki na karatasi ya presha mkononi, kaambiwa apunguze mwili, basi, bila kuelezwa aanzie wapi. Analiuliza baba ambaye kitambi kinamsumbua hata akiinama kufunga kamba za viatu. Hali zao hazifanani, lakini wote wanatafuta kitu cha kuongeza juu ya yale wanayokula tayari: chai, kapsuli, matone, maji ya ndimu ya alfajiri.

Mwili hupungua kwa unachoondoa. Kabla ya kutoa hata shilingi, jua kwanza ni nini kinaingia kwa wingi nyumbani kwako bila kuhesabiwa. Mara nyingi ni vitu viwili, sukari ya kunywa na mafuta ya kupikia, na vyote viwili vinapimika kwa kijiko.

## Je, unahitaji kupungua kweli?

Wako wanaojinyima bure. Msichana mwembamba anayefuata mlo wa siku 7 kwa sababu ya picha alizoziona kwenye simu anahitaji kula, si kupungua. Kwa hiyo anza na futi kamba ya fundi cherehani.

- Simama wima, toa pumzi kama kawaida, zungusha futi kamba katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Usivute tumbo ndani.
- Mwanamke akifika sentimita 80 na mwanamume 94, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo imeanza kupanda. Kwenye 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanamume, imepanda sana.
- Njia ya mkato: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako.
- Kama una mizani, chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha gawanya kilo zako kwa jibu hilo. Mama wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.60: 82 ukigawa kwa 2.56 unapata 32. Kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida, kuanzia 25 umezidi, na 30 kwenda juu ndicho wataalamu wanachokiita kiribatumbo.

Mama huyo wa kilo 82 hana haja ya kurudi kwenye uzito wa siku ya ndoa yake. Akipunguza asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 4 hadi 8, presha na sukari ya damu kwa kawaida huanza kushuka. Hilo ndilo lengo lake la kwanza. Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Anayekuahidi kilo 10 ndani ya wiki 2 anazungumzia zaidi maji ya mwilini kuliko mafuta.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wanaokua wasianze mpango wowote wa kupungua bila ushauri wa kliniki.

## Vinavyouzwa, na vinavyofanya mwilini

Chai ya kupunguza tumbo. Soma pakiti kwa makini. Nyingi zina senna, na hiyo si nyingine bali sanamaki, ile ile bibi zetu waliyotumia kufungulia choo. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Wakati huo chakula kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo kinachotoka ni maji na uchafu. Asubuhi mizani imeshuka, unafurahi. Ukinywa maji, inarudi pale pale. Ukiendelea nayo kwa muda mrefu unapoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa.

Kapsuli. Hapa naomba unisikilize vizuri. Sibutramine ilikuwa dawa halali ya kupunguza hamu ya kula. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani baada ya kuonekana kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu wenye magonjwa ya moyo. Haikutoweka. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimeendelea kuikuta ndani ya kapsuli, chai na kahawa za kupunguza mwili zinazouzwa kama mitishamba asilia, bila jina lake kuandikwa popote. Ukimeza kapsuli ya "majani" ukakosa njaa kutwa nzima, moyo ukaenda mbio, mdomo ukakauka na usingizi ukapotea, usijipongeze kwamba inafanya kazi. Iache, chukua pakiti yake, nenda nayo hospitali.

Mikanda ya kubana tumbo na kujifunga nailoni. Vinatoa jasho, na jasho ni maji. Kanga anayojifunga mama aliyejifungua inaweza kumpa nafuu ya mgongo, lakini haiyeyushi mafuta.

Ndimu, tangawizi, mlonge, siki ya tufaa. Havichomi mafuta. Kama maji ya ndimu yamechukua nafasi ya chai yenye vijiko vitatu, utapungua, lakini shukuru sukari uliyoiacha. Siki usiinywe bila kuichanganya na maji mengi; inakula meno.

Sindano. Ozempic na Wegovy, zote zenye dawa iitwayo semaglutide, ni dawa za kweli. Ya kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya kisukari, ya pili kwa unene. Hupunguza njaa, na watu hupungua. Simzuii mtu ambaye daktari wake amempima akamwandikia. Lakini wengi wanaoziacha hurudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza, na mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia. Sindano ya kuletewa na bodaboda kutoka kwa mtu unayemjua kwa namba ya simu tu, usiiruhusu iguse ngozi yako.

Utaniambia: "Lakini rafiki yangu alitumia, akapungua." Inawezekana kabisa. Muulize mambo mawili: wakati ule alikuwa anakula nini, na leo ana kilo ngapi.

Kama bado unataka kununua, kamilisha haya kabla ya kulipa:

- Viambato vyote vimeandikwa, au kuna "mchanganyiko wa siri"? Penye siri, ondoka.
- Kuna namba ya usajili? Kwa Tanzania, dawa ziko chini ya TMDA, vyakula chini ya TBS, na tiba asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kenya kuna Bodi ya Famasia na Sumu. Nembo yoyote inaweza kuchapwa na mtu yeyote, kwa hiyo chukua namba yenyewe uipeleke kuulizia.
- Muuzaji amekuuliza kama una presha, kisukari, vidonda vya tumbo au mimba, na dawa gani unatumia? Asiyeuliza hana habari na usalama wako.
- Amekuambia ule chochote unachotaka na bado utapungua? Hapo huna haja ya kuendelea kumsikiliza.

## Anza na kikombe

Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba sukari kama gramu 4. Kikirundikwa, kama wengi tunavyofanya, kinaweza kukaribia mara mbili. Vikombe 3 kwa siku vyenye vijiko 3 kila kimoja ni gramu 36, hata ukivisawazisha. Soda ya nusu lita inaongeza gramu 50 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hii isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana iwe chini ya 25. Umeshapita kiwango kabla hujagusa andazi.

- Wiki ya kwanza, toa kijiko kimoja kwenye kila kikombe. Wiki ya tatu toa kingine. Ulimi unazoea, ila usiitoe sukari yote siku moja maana utarudi nyuma kwa hasira.
- Asali na sukari guru zihesabu kama sukari.
- Juisi ya kukamua nayo ina sukari ya matunda matatu au manne kwa glasi moja. Kula chungwa lenyewe, na nyama zake.
- Vinywaji vya kuongeza nguvu na vile vya shayiri visivyo na kilevi vinahesabiwa pamoja na soda.
- Bia ya nusu lita hukaribia kalori 200. Tatu za jioni ni mlo mzima, na nyama choma bado haijafika.

## Kisha dumu la mafuta

Wengi wanaosema "mimi sili sana" wanasema kweli kuhusu ukubwa wa sahani yao. Kinachowapita ni mafuta, kwa sababu hayaonekani yakishaingia kwenye mboga.

Hesabu na mimi. Dumu la lita 5 lina mafuta kama kilo 4.6, na kila gramu ya mafuta ina kalori 9. Hiyo ni zaidi ya kalori 41,000. Familia ya watu 5 ikilimaliza kwa mwezi, kila mmoja anapata kalori 275 hivi kwa siku kutoka kwenye dumu hilo peke yake. Likiisha kwa nusu mwezi, ni 550, sawa na sahani nzima ya ugali ambayo hakuna aliyeiona ikipakuliwa.

- Siku unapofungua dumu, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Lisipofikisha muda mrefu zaidi ya lililotangulia, hakuna kilichobadilika jikoni.
- Usimimine kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120. Sufuria ya mboga ya watu 5 inatosheka na vijiko 3.
- Kitunguu kikianza kushika, weka maji ya moto kidogo au nyanya badala ya kuongeza mafuta.
- Watu wa pwani, siwaambii muache nazi. Pikieni tui la pili, lile jepesi, na lile zito liingie kidogo mwishoni kwa ajili ya ladha.
- Samaki wa kuchoma au chukuchuku awe wa kawaida, wa kukaanga awe wa siku maalumu. Vivyo hivyo chipsi, sambusa na kaimati.
- Maneno "hayana kolesteroli" kwenye lebo yasikuvutie. Mafuta ya mimea kwa kawaida hayana kolesteroli ya kuzungumzia. Kwa upande wa uzito, alizeti, zeituni na nazi ni karibu sawa.

"Mpishi si mimi." Basi zungumza na anayepika, iwe ni mama mkwe au dada wa kazi, na usimlaumu. Mwambie kwamba presha yako inahitaji msaada wake, na mpe kijiko cha kupimia. Kwa mama ntilie, omba mchuzi kidogo na mboga mara mbili. Nimeona wengi wao wakikubali bila neno.

## Je, niache ugali?

Hapana. Gramu 100 za unga mkavu na gramu 100 za mchele mkavu zina kalori zinazokaribiana, kama 350 na kidogo. Dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe na hushibisha zaidi, kwa hiyo ichague, lakini usidhani kwamba kwa kuwa ni dona unaweza kula mlima. Ugali wa muhogo hali kadhalika.

Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, sukuma wiki, kabichi, bamia, kachumbari. Robo iwe maharage, dagaa, samaki, kuku au mayai. Ugali au wali uchukue robo iliyobaki, ukubwa wa ngumi yako. Kama mnakula kwenye sinia moja, megea sehemu yako pembeni kabla ya kuanza, kwani kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Anayeacha wanga kabisa hushuka kilo 2 au 3 wiki ya kwanza, akashangilia. Ni kwa sababu wanga uliohifadhiwa mwilini hushika maji, na ukiisha, maji hutoka nao. Jumapili anakula pilau, kilo zinarudi, anakata tamaa na kuacha kila kitu. Mlo usioweza kuula pamoja na watu wa nyumbani kwako mwaka mzima usiuanze.

## "Watasema naumwa"

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na halihusu chakula. Kwetu mwili ni habari. Mwanamke akinenepa baada ya ndoa, mawifi wanasifu: umependeza, unatunzwa. Akipungua, watu wanatazamana. Hofu hiyo ina chanzo chake. Kabla ARV, dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, hazijaenea, tulizika ndugu na majirani waliokonda mbele ya macho yetu, na macho hayo bado yanakumbuka. Kwa hiyo simshangai mama anayeogopa maneno ya mtaani kuliko presha yake. Ila presha haisubiri mtaa uzoee.

- Mweleze mwenzi wako kabla ya mtu mwingine yeyote, tena kwa namba za kliniki. Mume anayependa mwili wako anahitaji kujua kwamba kilo 5 hazitakufanya uwe mtu mwingine.
- Andaa jibu moja fupi: "Daktari ameniambia nishushe presha, na inashuka." Rudia hilo hilo kwa kila anayeuliza.
- Kwenye shughuli usikatae sahani ya mwenyeji. Ipokee, anza na kachumbari na nyama, kula taratibu, uombe wali uliobaki ufungiwe.
- Anayekuita bonge nyumbani akidhani anakuhimiza, mwambie aache. Aibu huwapeleka watu kula kwa kujificha.

Upande wa pili nao usemwe. Ukipungua bila kujaribu, usifurahie. Kukonda kunakofuatana na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni na jasho la usiku, au kiu kali na mkojo mwingi, ni sababu ya kwenda kupima kifua kikuu na kisukari wiki hiyo hiyo.

## Makosa yanayojirudia

- Kukaa na njaa asubuhi, maandazi matatu saa nne, kisha sahani ya kujilipa usiku.
- Kufunga mchana kutwa halafu kufuturu kwa magimbi ya nazi, tambi za sukari, kaimati, sambusa na sharubati kwa pamoja. Ndiyo maana wengine humaliza Ramadhani wameongezeka. Anza na tende na maji, swali, kisha ule sahani moja ya kawaida.
- Mgonjwa wa kisukari kufunga ili apungue. Ukitumia insulini au baadhi ya vidonge, sukari inaweza kushuka ghafla hadi ukapoteza fahamu. Zungumza na daktari kwanza.
- Kupima uzito kila asubuhi. Mara moja kwa wiki inatosha, siku ile ile, kabla ya chai, nguo nyepesi.
- Kujinyima kupita kiasi. Kushuka kwa kasi sana kunaweza kuleta mawe kwenye kifuko cha nyongo.
- Kuacha dawa ulizoandikiwa. Ni kweli kwamba sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, prednisolone, insulini, na kwa baadhi ya watu ARV zenye dolutegravir huweza kuongeza uzito. Lipeleke suala hilo kwa aliyekuandikia, na uendelee kutumia mpaka mkubaliane vingine.

## Kuhusu mazoezi

Dakika 30 za kutembea kwa kasi, siku 5 kwa wiki, zinafikisha dakika 150 zinazoshauriwa. Shuka daladala kituo kimoja kabla. Mazoezi ya tumbo hayachagui kupunguza tumbo. Yanaimarisha misuli iliyo chini ya hayo manyama uzembe. Usitegemee pia kutembea kulipe deni la soda, maana nusu saa ya kutembea inakaribia kalori za chupa ndogo moja tu. Faida yake kubwa ni kwenye presha, sukari, usingizi, na kuzuia kilo ulizoziacha zisirudi.

## Mwezi wako wa kwanza

1. Siku ya kwanza: pima kiuno na uzito, andika kwenye daftari. Weka tarehe kwenye dumu la mafuta.
2. Siku 3 zinazofuata: usibadilishe chochote. Andika kila unachokula na kunywa, na kile unachoonja jikoni pia.
3. Baada ya hapo, wiki ya kwanza na ya pili: punguza sukari ya vikombe na soda. Hilo tu.
4. Wiki ya tatu: kijiko cha mafuta kiingie jikoni.
5. Wiki ya nne: panga upya sahani, anza kutembea.

Mizani ikisimama wiki tatu mfululizo, pima kiuno. Mara nyingine kinapungua wakati kilo zimetulia. Kama nacho kimesimama, rudia siku 3 za kuandika, maana vijiko huanza kurundikwa tena bila mtu kujua. Ikishindikana, muulizie afisa lishe. Halmashauri na hospitali nyingi za rufaa Tanzania zinao, na wengi wenu hamjawahi kubisha mlango wao. Nenda na daftari lako, orodha ya dawa unazotumia, na pakiti ya chochote ulichokwisha kununua, hata kama unaona haya kuitoa kwenye mkoba.